Ngumu Si Imara: Historia ya Pikapu Inayokupiga Mgongo

Nianze na kitu ambacho kitakasirisha wasee wa magari: pikapu ngumu si lazima iwe pikapu imara. Najua. Umelelewa ukiskia kwamba gari la kazi lazima likurushe, kwamba ukitoka Marsabit ukifika Loiyangalani mgongo ukiwa unauma basi hiyo ndiyo dalili ya gari la wanaume. Gari laini ni la wazee wa Karen na mabibi harusi. Hiyo stori tumepeana miaka mingi mpaka ikawa kama sheria.

Leo nataka kukuonyesha kwamba historia yenyewe inasema tofauti. Kwa zaidi ya miaka 200, watu walioteseka kwenye barabara mbovu kuliko zetu wamekuwa wakitafuta ulaini, na hawakuutafuta kwa sababu ya starehe. Waliutafuta kwa sababu kuna kitu ndani ya gari kilikuwa kinavunjika. Wakati mwingine kilikuwa yai. Wakati mwingine kilikuwa mtu.

Nitatumia Land Cruiser pikapu, ile ya 79, kama mfano, kwa sababu kila mtu Kenya anaijua. Polisi wanayo, mashirika ya misaada yanayo, wafugaji matajiri wanayo, na ndugu yake mwenye bodi ndefu ya 78 ndiye anayebeba wagonjwa sehemu nyingi za kaskazini. Lakini maneno haya yanahusu pikapu yoyote nzito ambayo mtu anataka kusafiri nayo mbali, alale porini, apike nyuma, arudi nyumbani bado akiwa na figo zote mbili.

Kwanza, mbona inaruka?

Mimi niliacha chuo kabla hatujafika kwa hesabu ngumu, kwa hivyo nitakupa ya mtaani.

Springi ni mkataba kati ya chuma na uzito. Mtengenezaji wa pikapu anaambiwa: gari hili litabeba zaidi ya tani moja nyuma, na likibeba lisikae chini kama kuku anayetaga. Basi anaweka nyuma springi za majani, yaani vyuma virefu vilivyopinda, vimelaliwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja, vigumu vya kutosha kubeba hiyo tani. Ukiweka mzigo wote, springi inalala vizuri na gari linatembea kwa heshima. Ukitoa mzigo, chuma ni kilekile lakini uzito umepungua sana. Springi haina kazi. Inakurudishia kila jiwe.

Kuna kanuni rahisi hapa. Kasi ya gari kudunda inategemea ugumu wa springi ukilinganisha na uzito uliokaa juu yake. Uzito ukipungua hadi robo, gari linadunda mara mbili kwa kasi. Mwili wa binadamu unastahimili vizuri mdundo wa polepole, kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde, karibu na mwendo wako ukitembea. Pikapu tupu yenye springi za tani moja inapita hapo mbali. Ndiyo maana unasikia ni kama umekalia mgongo wa punda aliyeona fisi.

Kwa hivyo hilo gari halijaharibika, na halikuundwa na mtu mbaya. Liliundwa kwa ajili ya mzigo. Wewe abiria ulikuja baadaye.

Daktari wa Napoleon

Sasa turudi nyuma kabisa, miaka ya 1790. Ufaransa iko vitani karibu na kila jirani. Askari akijeruhiwa anaachwa pale pale mpaka vita viishe, halafu anatupwa kwenye mkokoteni wa mizigo. Mkokoteni hauna springi. Mfupa uliovunjika, barabara ya mawe. Fikiria tu.

Daktari mmoja wa jeshi, Dominique Larrey, aliyekuja kuwa daktari mkuu wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, alichoka na hiyo mambo. Akaunda magari mepesi ya farasi ya kuchukua majeruhi wakati vita bado vinaendelea. Yakaitwa ambulansi zinazoruka. Kasi ndiyo inayosifiwa sana, lakini kuna kitu kingine Larrey alifanya: sehemu ya kulaza mgonjwa iliwekwa juu ya springi. Alielewa kwamba kumfikisha mtu haraka hakusaidii kama safari yenyewe inammaliza.

Mwaka 1804, fundi wa magari ya farasi London, Obadiah Elliott, akapewa hataza ya springi ya majani yenye umbo kama la yai lililolala. Kabla yake magari mengi ya farasi yalihitaji mti mzito wa kuunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Springi za Elliott ziliondoa ule mti, gari likawa jepesi na laini kwa wakati mmoja. Ona hapo: ulaini haukuja kwa kuongeza chuma, ulikuja kwa kupunguza.

Miaka 60 baadaye Wamarekani wako kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865. Walianza na ambulansi za magurudumu mawili zilizorusharusha watu vibaya hadi askari wakazibandika jina la utani lenye maana ya maporomoko. Jeshi likahamia magari ya magurudumu manne yaliyotulia zaidi. Majeruhi ndio waliotoa maoni ya kwanza ya wateja katika historia ya springi, na waliyatoa wakipiga nduru.

Mbona nakuambia haya kwenye makala ya pikapu? Kwa sababu springi za majani zilizo chini ya Land Cruiser ya 79 leo ni wajukuu wa moja kwa moja wa zile za Elliott. Zimeboreshwa, chuma ni bora, lakini wazo ni lile lile la miaka 200 iliyopita.

Upepo ulifanya kazi ambayo chuma kilishindwa

Karne ya 19 watu walijaribu njia nyingine: wacha gari, tengeneza barabara. Mskoti John McAdam akaonyesha kwamba mawe madogo yaliyovunjwa na kushindiliwa, yakiwa juu ya ardhi inayotoa maji, yanatosha kubeba magari. Mwaka 1902 Mwingereza Edgar Hooley akapata hataza ya kuchanganya mawe hayo na lami. Hiyo ndiyo barabara tunayoililia kila uchaguzi.

Lakini kati ya hao wawili kulitokea jambo kubwa zaidi kwa mgongo wako. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alipata hataza ya tairi la upepo katika miaka ya 1840, na dunia ikampuuza. Mwaka 1888, daktari wa mifugo anayeitwa John Boyd Dunlop, akiishi Belfast, akalivumbua upya akitaka baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake isimtingishe. Safari hii dunia ikasikia.

Tairi la upepo ndilo springi ya kwanza ya gari lako. Ni ya kwanza kugusa jiwe, kwa hivyo ndiyo ya kwanza kujibu. Halafu watu wetu wanafanya nini? Wanajaza upepo mpaka tairi inalia kama ngoma, kwa sababu ati gari ni la kazi. Springi ya bei rahisi kuliko zote, ambayo unairekebisha bila kulipa fundi, tunaigeuza jiwe.

Shika hiyo, tutairudia.

Mhandisi aliyesogeza vyuma ndani ya Cadillac

Magari ya injini yalipokuja, watu walijua kutengeneza springi lakini hawakujua kwa nini gari moja linatuliza na lingine linatapisha. Mwaka 1930, Mwingereza Maurice Olley, aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce, akaingia General Motors kule Marekani. Wakaunda gari la majaribio lenye uzito unaoweza kusogezwa mbele na nyuma na springi zinazobadilishwa, halafu wakawa wanaliendesha na kuuliza tu: hapa unaskiaje?

Jibu lilishangaza wengi wakati huo. Springi za mbele zinafaa kuwa laini kuliko za nyuma. Sababu yake ni tamu. Ukipiga tuta, mbele inaruka kwanza, nyuma inafuata sekunde kidogo baadaye. Kama nyuma inadunda kwa kasi kidogo kuliko mbele, inaikuta mbele njiani, gari zima linapanda na kushuka likiwa sawa. Kama hesabu imekosewa, gari linainama mbele, linainama nyuma, kama mtu anayesinzia kanisani.

Kufikia 1934 General Motors ilikuwa inauza magari ambayo gurudumu la mbele kushoto na la kulia yanapanda na kushuka kila moja kivyake, na kazi ya Olley ilikuwa ndani yake.

Angalia sasa pikapu yako. Ni kweli nyuma ni ngumu kuliko mbele. Lakini ikiwa tupu, nyuma ni ngumu kupita kiasi. Nyuma haiikuti mbele njiani, inaipita na kuipiga teke. Kwa hivyo swali la kulainisha pikapu halikuwa "niweke springi gani laini". Tangu miaka ya 1930 swali ni: uzito wangu uko wapi, na mbele na nyuma zinaongea?

1948: wakulima wawili

Mwaka 1948 Ulaya ilizindua magari mawili kwa ajili ya mkulima, na huwezi kuona tofauti ya fikra vizuri kuliko hapo.

Mwezi wa Aprili, kwenye maonyesho ya Amsterdam, Land Rover ikatoka. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake Wales, akaona ataunda yake. Springi za majani mbele, springi za majani nyuma. Inapanda popote, inavuta chochote. Inakutwanga pia.

Mwezi wa Oktoba, Paris, Citroën ikaonyesha 2CV. Kazi aliyopewa mhandisi inajulikana sana: gari liweze kupita kwenye shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai, na mayai yasivunjike. Watu wakacheka lile gari, sura kama bati lililokunjwa. Lakini springi zake ndefu na laini, za mbele zikiwa zimeunganishwa na za nyuma, zilimpa mkulima maskini ulaini ambao magari ya matajiri wengi hayakuwa nao. Liliendelea kutengenezwa hadi 1990.

Land Rover iliuliza: gari litafika? Citroën iliuliza: kilicho ndani kitafika?

Na Land Rover wenyewe walikuja kuungama kwa vitendo. Mwaka 1970 walitoa Range Rover, ikiwa na springi za koili, zile za mviringo, mbele na nyuma. Watu waliogopa kwamba gari laini litashindwa porini. Ikawa kinyume. Springi ndefu na laini zinaruhusu gurudumu kushuka shimoni na kupanda juu ya jiwe bila kuacha ardhi, na gurudumu lililo ardhini ndilo linalosukuma, linalokata kona na linalofunga breki. Mwaka 1983 wakapeleka koili kwenye gari la kazi lenyewe, One Ten, ile ambayo baadaye tuliijua kama Defender. Gari la mkulima likajifunza kutoka kwa gari la tajiri.

Na sisi tulikuwa na mtihani wetu

Usidhani hii ni stori ya Wazungu pekee. Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa hapa.

Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye barabara zile zile za raia. Miaka ya 60 magari mengi yalikuwa karibu sawa na yale ya dukani. Angalia nani aliyeshinda. Peugeot 404 ilichukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 mvua na matope vilifagia karibu kila mtu, magari 7 tu yakamaliza kila mwaka, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland kutoka Tanzania. Katikati, 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544 iliyokuwa imetumika tayari.

404 halikuwa gari la jeshi. Lilikuwa gari la familia, lenye springi za koili ndefu mbele na nyuma, na shokabzoba ambazo Peugeot walijiundia wenyewe. Sitakuambia alishinda kwa sababu ya springi pekee. Matope yanahitaji dereva, bahati na watu wa kusukuma. Lakini barabara za Afrika Mashariki zilipoulizwa kwa miaka mingi mfululizo ni gari gani linafika, mara nyingi zilijibu kwa gari lililokubali shimo badala ya kupigana nalo.

Waulize wazazi wako kuhusu Peugeot 504 za safari ndefu. Hakuna aliyeshuka akisifu ugumu wake.

Mjapani, Mwaustralia na tani moja

Sasa Land Cruiser. Toyota walianza na gari lao la mtindo wa Jeep mwaka 1951, jina Land Cruiser likaja 1954. Familia ya 40 ikafuata 1960, na ya 70 mwaka 1984. Zote hizo za kazi zilikuwa na springi za majani pembe zote nne. Mwaka 1999 yakaja mabadiliko makubwa: mifano mizito ya 78 na 79 ikapata koili mbele na springi za majani ndefu zaidi nyuma. Jani refu linapinda kwa ulaini kuliko fupi, kwa hivyo Toyota walikuwa wanajibu malalamiko yale yale tunayoongea. Lakini nyuma majani yamebaki hadi leo, kwa sababu moja ya haki: ni rahisi, ni nguvu, na fundi wa Lodwar anaweza kuyatoa na kuyarudisha bila kompyuta.

Kule Marekani, Ram walipeleka koili nyuma ya pikapu yao nzito ya 2500 kwenye mfano wa 2014. Kwa hivyo hata pale kwenye nyumba ya pikapu kubwa, mtu alikaa chini akakubali kwamba mteja hatembei na mzigo kila siku.

Lakini somo kubwa kwa msafiri lilitoka Australia. Wale jamaa wana jangwa, wana barabara za changarawe za mamia ya kilomita, na wana mapenzi ya kulala porini na familia nzima. Kampuni kama Old Man Emu zilijenga jina kwa wazo ambalo lingemfurahisha Olley: springi inauzwa kulingana na uzito unaobeba muda wote. Hauulizwi tu una gari gani. Unaulizwa una kilo ngapi za kudumu nyuma. Mia tatu? Mia sita? Kila jibu lina springi yake.

Linganisha na vile sisi tunafanya. Mtu ananunua pikapu, anaweka hema la juu, friji, tangi la maji. Gari linashuka kidogo. Anaenda Grogan, fundi anaangalia mara moja: "Bosi, tukuongezee jani moja, hii haitashuka tena." Haijapimwa. Hakuna aliyeuliza kilo. Na kwa kweli gari halishuki tena, hata kwa shimo. Mbaya zaidi, mwenyewe anadhani sasa anaweza kubeba zaidi, na jani la ziada halijaongeza nguvu ya ekseli, breki wala chesi hata kidogo.

Simlaumu fundi. Fundi anatupa tunachoitisha. Tunaitisha ugumu.

Mawimbi ya changarawe

Kuna adui mmoja lazima nimtaje, yale mawimbi madogo yanayojichora kwenye barabara ya changarawe, yale yanayofanya meno yapige makofi. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza vile yanaanza: gurudumu linaruka kidogo kwa kokoto, linatua na kuchimba, linaruka tena. Kila gari linalopita linachonga zaidi. Kwa hivyo gurudumu linalorukaruka linaumia kwa barabara na pia linaiumiza.

Piga hesabu. Kama mawimbi yameachana mita moja na uko 60 kwa saa, kila gurudumu linapigwa karibu mara 17 kwa sekunde. Saa moja ni mara 60,000. Springi inaweza kupinda, lakini kazi ya kuituliza isiendelee kudunda ni ya shokabzoba. Na shokabzoba hufanya hivyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto. Mafuta ndani yakipata moto sana na kuchanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Hapo gari linaanza kuelea kwenye kona na dereva anasema usukani umepotea.

Ndiyo maana mwaka 1957 Bilstein, Ujerumani, walipoanza kutengeneza kwa wingi shokabzoba zenye gesi ya presha kwa magari ya Mercedes, ilikuwa habari kubwa. Gesi inabana mafuta yasitoe povu. Hicho kifaa kilichozaliwa kwa magari ya wakubwa ndicho leo kinachookoa pikapu iliyopakia maji na mbuzi katikati ya Marsabit.

Basi, historia inakuambia ufanye nini?

Ukiifuata kwa mpangilio, inakupa hata orodha ya kazi, kuanzia ya bure kwenda ya ghali.

Moja, pima. Pakia gari kama unasafiri: mafuta, maji, watu, hema, vyombo. Maji lita 100 ni kilo 100, usijidanganye. Lipeleke kwa mizani, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Linganisha na kiwango cha juu cha mtengenezaji. Kama umepita, hakuna springi ya kukuokoa, punguza mzigo. Hili ndilo somo la Olley, na ndilo kila mtu analiruka.

Mbili, upepo. Ahsante Dunlop. Kama lami unatembea na psi 40, kwenye changarawe wasafiri wengi hushuka mpaka karibu 28, na kwenye mchanga kama wa Chalbi mpaka karibu 20. Inategemea tairi na mzigo wako. Ukishusha upepo shusha na kasi, na ubebe pampu ya kurudisha ukifika lami, kwa sababu tairi laini kwa kasi ya lami linapata moto na kupasuka.

Tatu, shokabzoba. Zikivuja au gari likiendelea kudunda baada ya tuta, zimekufa. Weka nzuri zenye gesi, zinazolingana na springi zako, kabla ya kufikiria kitu kingine. Angalia na bushi zote za mpira wakati huo huo.

Nne, springi, na sasa una namba kutoka kwa mizani. Mzigo ukiwa wa kudumu, tafuta springi za uzito huo. Mzigo ukibadilika, leo tupu kesho umejaa, weka majani laini kiasi na mifuko ya hewa ya kusaidia kati ya chesi na ekseli, uijaze ukipakia na kuipunguza ukipakua. Usiache mifuko ibebe kila kitu, ni msaidizi.

Tano, vitu vizito viweke chini na katikati ya ekseli mbili. Tangi la maji nyuma kabisa ya bodi linageuza gari kuwa pembea.

Ona kwamba kuongeza jani hakumo kwenye orodha.

Nani yuko nyuma?

Wengi wetu hatutawahi kumiliki Land Cruiser mpya, na mimi nikiwa mmoja wao sioni ikija hivi karibuni. Kwa hivyo utasema hii ni makala ya watu wenye pesa ya kwenda Turkana kupiga picha.

Lakini pikapu hizi hazibebi watalii tu. Zinabeba askari waliokaa kwenye mbao nyuma saa sita. Zinabeba walimu wanaorudi shule za mbali. Familia yao ile ile ya 70, ikiwa imepakwa rangi nyeupe na kuandikwa ambulansi, inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka kituo kidogo cha afya hadi hospitali ya kaunti, juu ya mawimbi yanayopiga mara 17 kwa sekunde, kwenye springi zilizohesabiwa kwa ajili ya tani moja ya mzigo. Mama mmoja na nesi mmoja hawafiki tani moja.

Gari kama hilo likinunuliwa, kwenye karatasi kunaandikwa injini, bei, rangi na king'ora. Sharti la kwamba springi za nyuma zilingane na uzito wa mgonjwa na si wa saruji ni mstari mmoja tu. Daktari wa Napoleon angeuandika huo mstari kwanza. Sisi tuna magari bora kuliko yake mara elfu, na bado tunamwambia mgonjwa avumilie kwa sababu gari ni la kazi.

Gari ni la kazi, sawa. Swali ambalo historia imekuwa ikiuliza tangu miaka ya 1790 ni kazi gani, na nani amebebwa. Kaunti yako ikinunua ingine, uliza hilo kwenye mkutano. Na kama wewe ndiye mwenye pikapu, kabla ya kwenda kwa fundi kuitisha ugumu, anza na mizani.